Dereva anayekoroma apimwe, ila asifutwe kazi

Mhariri,

Kila trela linapotoka barabarani alfajiri, tunasoma kwamba inaaminika dereva alisinzia. Hapo habari huwa imekwisha. Mabaki huvutwa pembeni, mwenye gari hukimbilia bima, na dereva, kama yu hai, hupelekwa kortini. Ni nadra kusikia mtu akiuliza alisinzia kwa nini. Sote hudhani jibu tunalo: hakulala, alilewa, au miraa ilimwishia njiani.

Mimi husimamia madereva wa malori katika yadi moja hapa Nairobi, na kabla ya hapo niliendesha mwenyewe kati ya Mombasa na Malaba. Sikatai kwamba wengi husinzia kwa kunyimwa usingizi. Mtu anayelipwa kwa safari, huku akipigiwa simu kila saa aseme amefika wapi, atalala saa ngapi? Lakini yupo dereva mwingine ambaye hatumzungumzii. Huyu hulala. Anaegesha Mtito Andei saa tatu usiku, anaamka kumi na moja alfajiri, anakunywa chai yake vizuri, na kabla hajafika Emali kope zinamshinda.

Ukitaka kujua shida yake usimuulize yeye, muulize utingo. Utingo ndiye hulala naye ndani ya kabini. Atakwambia mzee hukoroma hadi usingizi ukuruke, kisha ghafla kimya. Kimya hicho hurefuka mpaka kijana anainua kichwa kusikiliza kama bado kuna uhai. Halafu mzee huvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, hugeuka ubavu, na mambo huanza upya. Asubuhi mzee hakumbuki chochote na ataapa alilala fofofo.

Ugonjwa huu huitwa apnia ya usingizi. Misuli ya koo hulegea mtu anapolala, njia ya hewa ikajiziba, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inaposhuka katika damu, ubongo humgutusha ili avute hewa, naye hata hajui kwamba amegutuka. Madaktari huhesabu ni mara ngapi jambo hili hutokea kwa saa moja. Kuanzia mara 15 ugonjwa umefika kiwango cha kati, na kuanzia 30 ni mkali. Basi dereva wa mara 15, akilala kwa muda wa saa nane, pumzi yake imetatizwa mara 120 usiku mmoja. Ndipo tunampa ufunguo wa gari ambalo sheria ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufikia tani 56. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hilo hula mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde nne tu, amepita karibu mita 90 bila dereva.

Kwetu mambo haya huzikwa kwenye mzaha. Kukoroma ni kichekesho, kitambi ni dalili kwamba mambo yamemnyookea, na anayeamka akihema huambiwa amekabwa na jinamizi. Wembamba nao wasijipe moyo haraka. Unene na shingo nene huongeza hatari, lakini wako wenye miili myepesi na taya dogo wanaougua vilevile. Miraa na muguka huficha tu uchovu. Na chupa mbili za kutafuta usingizi pale Salgaa, malori yanapoegeshwa, huzidi kulilegeza koo.

Serikali imejaribu mengi. Baada ya ajali ya basi na lori pale Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, mabasi yalipigwa marufuku kwa muda kusafiri usiku. Tuna vidhibiti mwendo, tuna mizani kuanzia Mariakani hadi Webuye, tuna alkoblo, kile kipima pombe cha polisi. Nayaunga mkono yote, hata alkoblo ambayo madereva wangu huilaani. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfikia mtu aliyelala kwa muda wa saa nane na bado hajapumzika. Huyo atasinzia saa nane mchana, jua likiwaka, bila tone la pombe mwilini. Na fomu ya daktari? Nimeona za kutosha: macho, presha, muhuri, nenda zako. Presha yenyewe ikikataa kushuka licha ya dawa, hakuna anayeuliza mtu huyu hulalaje, ilhali apnia ni mojawapo ya sababu zake zinazojulikana.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya waliliandika jambo hili sheriani. Agizo lao la mwaka 2014 lilizitaka nchi wanachama, kufikia mwisho wa 2015, ziuweke ugonjwa huu katika masharti ya leseni. Dereva wa lori au basi mwenye apnia ya kiwango cha kati au kali anaruhusiwa kuendesha akionyesha kwamba anatibiwa na kwamba usingizi wa mchana umepungua, na hali yake hukaguliwa angalau kila mwaka. Marekani walikwama. Walianza kutafuta maoni kuhusu sheria ya kuwapima madereva wa malori na wa treni mnamo Machi 2016, wakaliacha jambo hilo Agosti 2017, na uamuzi ukabaki kwa kila daktari anayemkagua dereva. Waliliacha kabla mwaka haujaisha tangu treni igonge kituo cha Hoboken, Septemba 2016, ambapo wachunguzi walikuta dereva ana apnia kali ambayo haikuwa imegunduliwa.

Huko huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu madereva wa kampuni moja kubwa ya malori ulionyesha kwamba waliopatikana na ugonjwa huu wakakataa kabisa tiba walikuwa na ajali mbaya zinazoepukika mara tano zaidi ya wenzao. Waliotumia ipasavyo mashine yao ya tiba, ile inayosukuma hewa kooni mtu akilala, hawakuwa na tofauti na madereva wengine. Hiyo sehemu ya pili ndiyo ningependa mamlaka ya usafiri, NTSA, iisome mara mbili. Mgonjwa anayetibiwa ni dereva kama dereva mwingine.

Basi nataka kipimo kiwe lazima, lakini nina hofu na namna tutakavyokiandika. Tukisema "atakayepatikana na apnia apokonywe leseni", hatutampata hata mmoja. Dereva akiulizwa kama hukoroma, atasema hapana. Mkewe atasema hapana. Utingo, ambaye ugali wake uko mikononi mwa mzee, atasema hajawahi kusikia kitu. Na gharama ikiachiwa dereva, wataenda kwa daktari anayepiga muhuri haraka. Madereva wa Marekani walilalamikia jambo hilo hilo la nani atalipa, na sioni kwa nini wa kwetu wawe wapole zaidi.

Mwenye gari ndiye alipe, kama anavyolipia tairi na inspeksheni. Hatua ya kwanza ni rahisi: maswali machache, kipimo cha presha, na utepe wa fundi cherehani shingoni, ikizidi sentimita 40, aangaliwe zaidi. Anayetiliwa shaka apewe kifaa cha kulala nacho nyumbani usiku mmoja, chenye mkanda wa kifua, mrija wa puani na kibanio cha kidole. Akipatikana, abaki yadini kwa mshahara hadi azoee mashine inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa. Mashine hiyo hutunza kumbukumbu. Kipimo ambacho wengi hukitumia kusema mtu anaitumia ipasavyo ni saa nne au zaidi kwa usiku, katika usiku 70 kati ya 100. Ukisoma rekodi hiyo huhitaji kumsihi mtu akuambie ukweli.

Nimesikia hoja kwamba haitawezekana kuitumia mashine hiyo barabarani. Kabini hizo hizo zina friji na televisheni. Inveta, yaani kigeuza umeme wa betri, ya kuendesha mashine ndogo haiwezi kuwa ndiyo iliyotushinda.

Wenye magari watasema ni ghali, na kweli si bei ya sokoni Gikomba. Basi tusianze na wote. Tuanze na madereva wa matangi ya mafuta wanaopakia hapa Nairobi, leseni zao zinapofika wakati wa kufanywa upya, kisha wabeba kontena wafuate mwaka unaofuata.

Msimamizi wa madereva,
Eneo la Viwanda, Nairobi