Mikanda ya nembo ya taifa isichorwe ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme jambo linaloniuma, mimi ni fundi wa kuandika mabango hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Juzi nimepita ofisi moja ya mtaa, jina naliacha, nikakuta wamechora nembo ya taifa ukutani, mpya inang'aa, ila yale mawimbi ya bluu na nyeupe chini ya ngao yamenyooka kama yamepigwa rula. Nikasogea karibu, kumbe fundi alibandika tepu na hakuikandamiza vizuri, bluu imepenya chini yake ikachuruzika kwenye nyeupe. Alafu bendera hakuichora kabisa, katoka kwenye njano karuka moja kwa moja mpaka nyekundu!

Jamani ile ngao imegawanywa kwa mikanda iliyolala na kila mkanda una maana yake. Juu kabisa dhahabu yenye mwenge, ndo madini, inafuata bendera, halafu nyekundu ndo udongo wetu wenye rutuba, hapo ndo shoka na jembe vimepishana na mkuki umesimama, chini sasa ndo maji, bahari na maziwa yetu. Maji hayanyooki. Mtu wa Kyela anayeamka na Ziwa Nyasa mlangoni ukimwonyesha ile mistari hawezi kujua kama hayo ni maji.

Wenzetu wa Ulaya mkanda mmoja tu wa kulala katikati ya ngao wanauheshimu sana, mabingwa wao wa zamani wa kuchora ngao walisema uchukue theluthi ya ngao. Ngao ya Austria ni nyekundu na mkanda mweupe, wanasimulia kwamba mtawala wao Leopold wa Tano alipigana vita kwenye mji wa Acre, Mashariki ya Kati, mwaka 1191 nguo yake nyeupe ikalowa damu yote, alipovua mkanda wa kiunoni pakabaki peupe. Ni masimulizi tu ya kale, lakini mkanda huo mpaka leo uko kwenye bendera yao.

Na sisi tunao wetu. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ilikuwa ya kijani, mkanda mweusi umelala katikati na njano nyembamba juu na chini yake. Tulipoungana na Zanzibar 1964 ule mkanda ukainuliwa ukawa mshazari, kutoka chini upande wa mlingoti kupanda juu upande wa pili, na bluu ikapata nafasi yake pamoja na kijani. Kwa hiyo fundi anayeiruka bendera kwenye ngao ameuacha Muungano nje, hilo ndo limeniuma kuliko hata mawimbi.

Naomba ofisi zetu kabla ya kumlipa fundi zimpe picha ya rangi iliyo sahihi, sio fotokopi iliyofifia ambayo bendera haionekani. Na pale nilipopaona niko tayari kurudia bure, bluu ninayo nusu kopo na brashi ninazo, wao wanipatie ngazi tu.

Fundi mabango,
Mwanjelwa, Mbeya