Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi Samani wa Keko, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada atazisoma mweka hazina. Mimi naanza na tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Miaka ya nyuma tulituma watu wawili kwenye maonesho ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wakarudi na fulana na vipeperushi, ikaishia hapo. Safari hii kamati iliamua tuiadhimishe hapahapa Keko, kwenye karakana zetu, kwa kuwa ndiko vidole vinakokatikia.

Saa nne asubuhi tulizima mashine zote. Fundi wetu mmoja mkongwe akasogea kwenye benchi la msumeno, akaweka mkono wa kushoto mezani. Vidole viwili havipo. Ubao wa mninga ulikuwa na fundo, akasema, msumeno ukaurusha nyuma. Na kinga ya msumeno alikuwa ameitoa kwa mikono yake asubuhi ileile, eti inamchelewesha. Hakuna aliyekohoa.

Tukazunguka karakana moja baada ya nyingine. Kinga nyingi tulizikuta chini ya meza, zimejaa vumbi. Zilirudishwa siku hiyohiyo, na kila benchi likachongewa kijiti cha kusukumia ubao.

Vumbi bado linaninyima raha. Tangu mwaka 1995, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Barakoa tulizonunua ziliisha mapema. Hilo ni kosa la kamati yangu. Hatukupanga bajeti ya mwaka mzima, na ninawaomba radhi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi wa usalama na afya. Kuwaita wafanyakazi wetu "vijana wangu" hakutuondolei wajibu huo. Kijana aliyeumia mwezi Septemba tulimtibu kwa kupitisha daftari la michango, kwa sababu tajiri wake hakuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Iliniuma sana. Wasiojisajili, waje kwa katibu wiki hii, tuwasaidie kujaza fomu.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe nyongeza ya ada kwa ajili ya barakoa na mitungi ya kuzimia moto. Chumba chetu cha kupakia vanishi hakina hata mtungi mmoja.