Kalenda ya idara huanzia Seneti

Morogoro,
Septemba 20

Mpendwa Rehema,

Hongera na pole, vyote kwa pamoja. Nimefurahi sana kusikia kwamba umekabidhiwa ukuu wa idara, maana najua wanafunzi wako watapata mtu anayewajali. Umeniuliza uanze na lipi kabla chuo hakijafunguliwa. Nitakujibu kwa kirefu mahali panapouma, na pengine nitapita haraka.

Anza na tarehe moja tu. Fungua kalenda ya chuo, tafuta siku ambayo Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni, itapitisha matokeo, kisha hesabu kurudi nyuma. Wakuu wengi wapya huanza kuhesabu kutoka wiki ya kwanza ya masomo kwenda mbele, na ndiyo sababu muhula unapoisha wanajikuta wanakimbizana na walimu koridoni.

Tuseme Seneti inakaa Alhamisi. Makabrasha yanatakiwa kuwafikia wajumbe wiki moja kabla, kwa hiyo bodi ya kitivo iwe imeshakaa na kurekebisha mambo yake mwanzoni mwa wiki hiyo iliyotangulia. Ili kitivo kikae, kikao cha idara kiwe kimefanyika siku 4 au 5 za kazi kabla. Ukiwa ni muhula ambao mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayekagua usahihishaji wenu, anakuja, mpe siku 3 hadi 5 za kupitia vitabu vya majibu kabla ya kikao hicho. Kabla yake weka siku 2 za kuhakiki alama zilizoingizwa kwenye mfumo. Ukishajumlisha yote utaona kwamba kati ya mtihani wa mwisho na tarehe ya kukabidhi alama, mwalimu amebakiwa na wiki 2 hivi, wala si ule mwezi ambao wengi wanaudhania.

Sasa pima wiki 2 hizo dhidi ya kozi zako kubwa. Kozi ya wanafunzi 320, kila kitabu dakika 15, ni saa 80 za kusahihisha. Mtu mmoja akisahihisha kwa makini saa 6 kwa siku atamaliza siku ya 14 ya kazi, nawe una siku 10. Kwa hiyo kuchelewa kwa kozi hiyo kulishapangwa siku ulipomwachia mwalimu mmoja, hata kama ni mchapakazi kiasi gani. Wakiwa wanne, kila mmoja ana saa 20, siku 4 zinatosha. Timu hiyo iteuliwe mwanzoni mwa muhula, kwa barua, ili kila mmoja ajue hatakuwa safarini. Walimu hao wakae kwanza pamoja, wasahihishe vitabu 10 vilevile kila mtu peke yake, walinganishe alama, ndipo wagawane. Bora zaidi kila mmoja ashike swali lake kwa wanafunzi wote kuliko kugawana marundo, maana mkono mkali na mkono mwepesi vikigawana marundo, mwanafunzi anafaulu au anafeli kwa bahati.

Nasisitiza matokeo kwa sababu nyuma yake kuna maisha ya watu. Bodi ya Mikopo inahitaji matokeo ya wanaoendelea ili iwaingizie fedha za mwaka unaofuata. Alama za kozi moja zikikosekana, jina la mwanafunzi halikamiliki, na asiyekamilika anaanza muhula hana kodi ya chumba. Yule wa mwaka wa mwisho anaachwa nje ya orodha ya mahafali na kukosa cheti wakati usaili wa kazi unamsubiri. Ukiwaeleza walimu hivyo, wengi wanaelewa kuliko ukiwaandikia barua tatu za onyo.

Upande wa maswali, kila mtungaji alete vitu vitatu kwa pamoja: mtihani wenyewe, mwongozo wa kusahihishia, na seti ya pili kwa ajili ya mitihani maalumu na ya marudio. Seti ya pili ikiachwa "tutaitunga baadaye", itatungwa usiku wa kuamkia mtihani na haitahakikiwa na mtu. Kamati ya uhakiki ikae walau wiki 4 kabla ya mitihani, na isiishie kusahihisha herufi. Waangalie kama jumla ya alama inafika inapotakiwa; kama maelekezo yanasema "jibu maswali manne" na maswali yenyewe yapo ya kutosha; kama kuna swali lililonakiliwa kutoka mtihani wa miaka miwili iliyopita; na kama mtihani umegusa matokeo ya ujifunzaji yaliyoandikwa kwenye mtaala au umeganda kwenye mada mbili ambazo mwalimu anazipenda. Mambo manne hayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi unayoyasikia siku ya mtihani.

Maswali yasitumwe kwa WhatsApp wala kwa barua pepe ya kawaida. Yatunzwe kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, yachapwe mbele ya watu wawili, bahasha zifungwe kwa lakiri na kusainiwa. Siku ya mtihani, ukipanga msimamizi mmoja kwa watahiniwa 40, kozi ile ya 320 inahitaji wanane, na weka wawili wa akiba. Mwisho wa mtihani, kabla mtu yeyote hajaondoka chumbani, idadi ya vitabu vya majibu ilingane na idadi ya saini kwenye orodha ya mahudhurio. Hesabu hiyo ikifanyika ofisini saa mbili baadaye, kitabu kinachokosekana hakitapata mwenyewe. Mwalimu atasema hakupokea, mwanafunzi ataapa kwamba alikabidhi, nawe huna ushahidi wa kumpa haki yeyote kati yao.

Alama za kazi za muhula zibandikwe au zionekane kwenye mfumo kabla ya mtihani wa mwisho, na wanafunzi wapewe wiki moja ya kuleta marekebisho. Ukilisimamia hili peke yake, sehemu kubwa ya foleni mlangoni kwako itakwisha. Angalia pia usajili wa kozi wiki ya 3 na tena wiki ya 6. Kuna wanafunzi wanaohudhuria kozi ya hiari muhula mzima bila kuisajili kwenye mfumo, na wengine wamesajili kwa msimbo wa mtaala wa zamani. Hao wote hugundulika wakati wa kuingiza alama, wakati dirisha la usajili limeshafungwa na kila marekebisho yanahitaji kibali cha ngazi ya juu.

Kwenye kikao cha matokeo usikubali orodha isomwe jina kwa jina kuanzia A. Omba kwanza wastani wa kila kozi, idadi ya waliofeli, na mgawanyo wa madaraja. Kozi ambayo nusu wamefeli, au ambayo karibu wote wana A, ijadiliwe kwa dakika 20 na vitabu vyake vipo mezani. Kisha wapitieni walio mpakani, wenye mitihani maalumu, na wasiokamilika pamoja na sababu ya kila mmoja. Wakumbushe wanafunzi kwamba matokeo hayo ni ya awali mpaka Seneti iyapitishe. Mabadiliko ya alama baada ya hapo yafanyike kwa fomu, yakiambatana na kitabu cha majibu na maelezo ya mwalimu. Yasipite kwa simu hata mara moja, hata kama anayeomba ni mwenzako mnayeheshimiana.

Hapa niseme wazi jambo ambalo ofisi nyingi hulinong'ona. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na inastawi pale ambapo mtu mmoja anatunga, anasahihisha, anaingiza alama na hakuna anayemuuliza. Ukitumia namba za mtahiniwa badala ya majina, ukiwa na msahihishaji wa pili wa sampuli, na ukidai fomu kwa kila badiliko la alama, umeziba mianya mikubwa. Malalamiko yakija, usiyapatanishe ofisini kwako kama ugomvi wa ndugu. Yaandikwe, yapigwe mhuri wa tarehe, yaende kwenye dawati la jinsia na mamlaka ya nidhamu, na mlalamikaji ahamishiwe kwa msahihishaji mwingine siku hiyohiyo.

Mgawanyo wa mzigo wa ufundishaji utakuletea kelele nyingi kuliko kitu kingine. Dawa yake ni jedwali moja linaloonekana na wote: jina la mwalimu, kozi, idadi ya wanafunzi, saa za mihadhara, makundi ya semina, saa za kusahihisha, wanafunzi wa utafiti anaowasimamia, na majukumu mengine kama uratibu wa mafunzo kwa vitendo. Safu ya semina usiiache. Wanafunzi 320 katika makundi ya 25 ni makundi 13, na mhadhiri msaidizi akibebeshwa yote, saa moja kwa kila kundi, ana saa 13 kwa wiki kabla hajafungua kozi ya pili. Hao vijana ndio tunaowatarajia wakasome uzamivu. Ukiwachosha, idara haitakuwa na wahadhiri wa kesho. Lilete jedwali kikaoni likiwa rasimu, wiki 6 kabla ya muhula, ili kama unahitaji wahadhiri wa muda kibali chao kianze kutembea mapema.

Kuhusu mitaala nitasema machache. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, zikiwamo zile za mwanafunzi kusoma mwenyewe, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120. Kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mwalimu anayeomba kuongeza kozi yake aoneshwe kwanza saa hizo zitatolewa wapi. Tafuta pia tarehe ya mwisho ya ithibati, yaani kibali cha kuendesha kila programu, uiandike ukutani. Mapitio ya mtaala yanataka maoni ya wadau, kikao cha idara, kitivo, Seneti, kisha TCU; ni safari ndefu na haiharakishwi.

Fedha zina kalenda yake, kuanzia Julai 1 hadi Juni 30. Unachokitaka mwakani uwe umekiandika bajeti inapoandaliwa, na kiingie kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, maana manunuzi hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, na kisichomo kwenye mpango ni vigumu kukinunua. Andika vipimo kamili: "projekta" peke yake itakuletea projekta ambayo haionekani mchana. Masurufu ya safari, yaani fedha ulizopewa kabla ya kusafiri, yarejeshwe kwa wakati na risiti za EFD, zile za mashine za kodi, kwani yasiporejeshwa hukatwa kwenye mshahara wa aliyechukua. PEPMIS nayo, mfumo wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS, inakudai wewe kama msimamizi. Mtumishi akijaza majukumu yake na wewe hukuyapitisha, anayeumia ni yeye siku ya kupandishwa cheo. Tenga saa 2 kila Ijumaa kwa kazi hiyo.

Ofisini, mtu wa kumsikiliza kwanza ni katibu muhtasi, pamoja na yule wa masjala. Kila barua iingie kwenye jalada lake na ipewe namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na uamuzi uandikwe kwenye dokezo humohumo. Kundi la WhatsApp litumike kukumbushana vikao. Uamuzi uliofanyika humo hauna jalada, na mkaguzi akija au mwanafunzi akikata rufaa hutaupata. Muhtasari wa kikao utoke ndani ya siku 3, na kila jambo liwe na jina la mhusika na tarehe. "Idara ifuatilie" maana yake hakuna atakayefuatilia. Yatokanayo na kikao kilichopita yasichukue zaidi ya nusu saa.

Nilitaka nisiwasahau wa uzamili na uzamivu, maana huwa hawapigi kelele. Fungua daftari lenye tarehe ya usajili, andiko la utafiti, jina la msimamizi, na mara ya mwisho mwanafunzi alipopata maoni ya maandishi. Aliyekaa miezi 3 bila maoni, mwite yeye na msimamizi wake pamoja. Watahini wa tasnifu watafutwe mwanafunzi akiwa bado anaandika sura ya mwisho, na uwe na jina la akiba, kwa sababu mtahini anayekaa na tasnifu miezi 6 bila kujibu hawezi kulazimishwa na mtu.

Kabla aliyekutangulia hajahama ofisi, dai makabidhiano ya maandishi: mihtasari ya miaka 3, ripoti za watahini wa nje na yaliyotekelezwa, orodha ya mali na namba zake, funguo, wanafunzi wenye mitihani iliyosalia, na nywila ya barua pepe ya idara. Pitieni orodha ya mali mkiwa chumba kwa chumba, kisha wote wawili msaini.

Ukishapata tarehe ya Seneti, chora kalenda yako unitumie rasimu kabla ya Jumatatu. Nitaipitia jioni hiyohiyo, hasa wiki za kusahihisha. Ambatanisha na idadi ya wanafunzi wa kila kozi kama ilivyo kwenye usajili, wala si kama walimu wanavyokadiria. Nisalimie Mama na watoto.

Wako akupendaye,
Zawadi