Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wavuvi wa Mshipi, Mikindani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama karanga mnaotukaangia na kutuuzia samaki, assalamu alaykum.

Nianze na kosa langu kabla mtu hajanyoosha mkono. Ule mshipi mnene mliouita "kamba ya mwenyekiti" niliununua mimi, kwa fedha za chama. Duka moja lilikuwa linauuza kwa bei ya kutupa, nikaona hautakatika na ndoana hazitabaki miambani. Kweli haukukatika. Utakatwa na nani, na hakuna samaki aliyeusogelea?

Mnajua kaskazi ikitulia, kabla mvua haijateremsha tope, maji yetu yanavyokuwa. Asubuhi moja tulitia nanga nje ya Msangamkuu, mimi na kijana mmoja wetu. Pima nne, na mchanga unauona kama uko sebuleni. Nikateremsha ngisi. Samaki changu akaja, mkubwa, akasimama shibiri moja na chambo, akakitazama, kisha akageuza mkia. Akaja wa pili, yale yale. Yule kijana alikuwa ametoa chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, amefunga mshipi mwembamba wa kwake, na kipande chake cha ngisi kinakwenda na mkondo taratibu kama kilichodondoka tu. Alipandisha changu watatu, mimi bado natazamana na wangu. Hakusema neno. Ningeomba angesema.

Jibu nililipata kwa mgeni aliyekuja kukaa nasi barazani jioni. Kwao Marekani anavua trauti, samaki wa maji baridi ambaye jirani zetu Wakenya wanaye kwenye mito ya Aberdare tangu 1905. Yeye huvua Mto Colorado, ndani ya korongo lenye kuta za mawe, chini ya bwawa la Glen Canyon. Zamani mto ule ulikuwa wa tope jekundu, na jina lake la Kihispania limetokana na wekundu huo. Bwawa lilipofungwa mwaka 1963 tope likabaki nyuma ya ukuta, maji yakatoka chini maangavu na baridi. Trauti wakapandikizwa, wakastawi. Samaki wa asili waliozoea joto na tope wakapata shida, na mimi hapo nilimkatiza kumuuliza kama waliulizwa wavuvi. Alicheka.

Chambo chake ni ndoana ndogo iliyovishwa uzi na manyoya hadi ifanane na mdudu. Hilo halikutushangaza, maana sisi nasi hufunga manyoya ya kuku tunaporambaza, yaani tunapokokota chambo nyuma ya chombo. Kilichonishtua ni mshipi. Wake ni mnene kuliko ule wangu, kwa sababu mdudu yule hana uzito na mshipi ndio unaombeba akirushwa. Lakini unaishia na kiungo kinachopungua unene kidogo kidogo hadi kuwa kama unywele. Na kama mkondo ukiuvuta mshipi, chambo kikaenda mbio kuliko maji, trauti anakikataa, kwa kuwa mdudu wa kweli hakimbii hivyo. Changu wangu aliona hilo hilo: ngisi anayening'inia palepale huku takataka zote zinapita.

Tangu hapo tunafunga pima mbili za mwisho mshipi mwembamba, na maji yakiwa maangavu chubwi inapunguzwa au inatolewa kabisa. Bamvua mkondo unapokaza njia hii haifai, chambo hakifiki chini; wazee walilisema hili na wako sahihi. Pia viungo vinakatika zaidi, hivyo bajeti ya ndoana itapanda.

Jambo la chewa, samaki wa miambani, lilitugombanisha mwaka huu na halijaisha. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Tukivua wadogo hawajataga, na tukimaliza wale vigogo madume wanapungua. Ndiyo maana kamati inapendekeza ndoana kubwa zaidi kwenye miamba, na mnakumbuka namba ikipanda ndoana inapungua, msije mkanunua kinyume. Akina mama karanga wanasema wateja wao wa mia tano mia tano wanataka samaki mdogo. Hoja yao ina uzito, ila kwa mdogo nitawaachia tasi, si chewa.

Baruti tumeisikia tena usiku, mara mbili. Anayejua anajua. Mwamba uliopigwa huwa kifusi, na mshipi mwembamba au mnene hautapata kitu pale. Aliyesikia au kuona aende BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi ufukweni, siku hiyo hiyo, asisubiri kunisimulia msikitini.

Wanaovuka kwenda Ghuba ya Mnazi wakumbuke kule ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Taratibu zake si za hapa, na chama hakitamlipia mtu faini. Leseni na ada, mweka hazina atasoma mwenyewe, pamoja na majina.

Mabunda manne ya kamba ya mwenyekiti bado yako stoo. Yanafunga ngalawa vizuri sana, na mke wangu ameshaanika nguo kwa bunda moja, ambalo nimelilipia. Mengine mjadiliane.