Mkono wa Týr

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako tumezipata, sote wazima. Bibi yako anauliza kama blanketi lilifika.

Likizo iliyopita uliniuliza kwa nini Týr, mungu wa hadithi za kale za Skandinavia, alikubali kutia mkono kinywani mwa mbwa mwitu. Nikakujibu, "Alikuwa jasiri," nikazima taa. Jibu lile halijaniacha nitulie.

Kumbuka Fenrir, mbwa mwitu yule, alilelewa palepale kwa miungu. Ndivyo alivyoandika Snorri Sturluson, Mwislandi wa karne ya 13. Baba yake ni Loki, yule mjanja wa miungu, na utabiri ulishasema kizazi hicho kitawaletea maangamizi. Ndugu zake walishatupwa, nyoka baharini, dada yao Hel kuzimu. Yeye akabaki, lakini wote walimwogopa. Týr peke yake ndiye aliyethubutu kumsogelea na kumpa chakula. Aliyekuja kupoteza mkono ni yule aliyemlisha, mwanangu.

Mara mbili walimletea pingu nzito, wakimwambia ajipime nguvu, na mara mbili akazikata. Ndipo wakaagiza kamba iitwayo Gleipnir kwa wahunzi wafupi waishio chini ya ardhi. Ilitengenezwa kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Wewe mpenda vitendawili, hapo najua utasoma mara mbili. Ikatoka laini kama utepe wa hariri.

Ulaini huo ndio uliomtia Fenrir shaka. Akasema atafungwa iwapo mmoja wao ataweka mkono kinywani mwake kuwa rehani. Miungu wakatazamana, maana hakuna aliyekuwa na nia ya kumfungua. Týr akanyoosha mkono wa kulia.

Mimi naona hivi: Týr alijua ahadi ile ni ya uongo, na alijua uongo una gharama. Wenzake walitaka kuupata bure. Kamba ilipokaza wote wakacheka, isipokuwa yeye. Kicheko kile kinaniuma kila nikikisoma. Wamemlea wenyewe, wamemhadaa, na mwenzao anavuja damu mbele yao! Kisha wakamfunga kwenye jabali, wakamsimamishia upanga kinywani ili asiweze kuuma. Kumuua hawakumuua, hawakutaka kunajisi mahali pao patakatifu kwa damu yake. Siku ya Ragnarök, vita vya mwisho vya miungu, atafunguka, na atakayemezwa ni Odin mwenyewe, mkuu wao.

Nilimsimulia bibi yako jikoni. Akaacha kuchambua mchele, akauliza, "Kabla ya kufungwa, alikuwa amemuuma nani?" Nikatafuta kisa chote kichwani, sikupata hata mmoja.

Ukija likizo tutakisoma upya, na safari hii taa sitaizima mpaka umalize maswali. Nataka uniambie wewe ungemfanyaje yule mtoto wa mbwa mwitu angali mdogo.

Baba yako