Bodi ya ESP32 Haisomi? Kabla Hujairudisha, Badilisha Waya

"Fundi, ile bodi uliyoniuzia imekufa."

Maneno haya tunayasikia dukani kwetu hapa Kariakoo karibu kila wiki, na ukifika msimu wa wanafunzi wa vyuo kukimbizana na miradi ya mwaka wa mwisho, tunayasikia kila siku. Mteja ameshika kwenye kifuko ESP32 yake, bodi ndogo ya kielektroniki unayoipangia kazi kwa programu kutoka kwenye kompyuta, uso umekunjamana, kesho kutwa anatakiwa akaonyeshe mradi mbele ya walimu. Tunaipokea, tunaichomeka kwenye kompyuta ya dukani, na mara nyingi hata hajamaliza kusimulia, bodi imeshasoma, yaani kompyuta imeitambua. Ndipo tunamwomba atuonyeshe waya anaoutumia nyumbani.

Mkoba unafunguliwa, unatoka waya mwembamba uliokuja na spika ndogo, au na tochi ya kuchaji, au ule ulionunuliwa kwa mmachinga kwenye foleni. Waya kamili wa USB una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za kupitisha data. Nyaya nyingi zinazofungashwa na vifaa vya bei poa zina zile mbili za umeme tu, maana tochi haina la kuzungumza na kompyuta. Ukichomeka bodi kwa waya wa namna hiyo, taa nyekundu inawaka, na taa hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Inachosema ni kwamba umeme umefika. Kuhusu data haisemi kitu.

Kuupima waya hakuhitaji mita. Chukua simu yako, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya huohuo. Simu ikikuuliza kama unataka kuhamisha mafaili, waya una data. Ikichaji kimyakimya, na hata ukitafuta kwenye mipangilio huoni pa kuhamisha faili, huo ni wa kuchajia tu. Usiutupe, ila usiusogeze karibu na bodi.

Nasi tusijifanye wajanja sana. Tulipoanza kuuza bodi hizi tulikuwa na boksi chini ya kaunta limeandikwa MBOVU, na siku moja tulihesabu humo bodi saba. Tulishajiandaa kumlalamikia aliyetuletea mzigo. Kijana wetu wa dukani akachukua moja akaichomeka kwa waya wa simu yake, ikasoma. Ya pili ikasoma. Sita kati ya saba zilikuwa nzima kabisa; mbovu ulikuwa waya wetu wa kupimia. Ya saba kweli ilikuwa na lake, tundu la USB limeng'oka.

Bodi zenye tundu la USB-C zimeleta kituko kingine. Baadhi ya watengenezaji hubana gharama kwa kuacha rezista mbili ndogo za kilo-omu 5.1 zinazotakiwa kukaa kwenye tundu hilo. Zisipokuwepo, ukitumia waya wenye C pande zote mbili, chaja au laptopu haitambui kwamba kuna kifaa upande wa pili, kwa hiyo haitoi umeme. Taa haiwaki, na mwenye bodi anaapa imeungua. Tumia waya wenye ile USB pana ya zamani upande wa kompyuta, utaona inawaka.

Kuflashi bodi si kuflashi simu

Neno kuflashi, yaani kuandika programu kwenye kifaa, wengi tumelipokea kwa mafundi simu, na limekuja na woga wake: umeme ukikatika katikati ya kazi, simu inabaki tofali. Wateja wanahamishia woga huohuo kwenye bodi. Kuna mmoja alitujia akanong'ona kama anayeungama, kwamba laptopu yake iliishiwa chaji wakati programu imefika asilimia 40, na sasa bodi haifanyi chochote.

Hakuwa ameiua. ESP32, chipu iliyotoka mwaka 2016 kwa kampuni ya Espressif ya Shanghai, inahifadhi mambo yake mahali pawili. Programu unayoipakia inaandikwa kwenye kumbukumbu ya flashi, ambayo kwenye bodi za kawaida tunazouza ni MB 4, na hiyo unaifuta na kuiandika upya mara maelfu. Lakini ndani ya chipu yenyewe kuna KB 448 zilizoandikwa kiwandani, ambazo programu yako haiwezi kuzifuta hata itake. Humo ndimo kinamokaa kiprogramu kinachopokea programu mpya kupitia waya. Jaza takataka kwenye flashi yote, kiprogramu kile kipo palepale kinakusubiri. Njia ya kujifungia nje moja kwa moja ipo, nayo ni kuchoma fyuzi za usalama zilizomo ndani ya chipu. Ukishazichoma hazirudi, ila hazichomeki kwa laptopu kuzimika. Mpaka mtu aziamuru.

Swali basi ni namna ya kumwamsha huyo anayesubiri. Chipu inapowashwa, inaangalia pini (mguu wa kuunganishia waya) namba 0. Ikiikuta juu, yaani ina umeme, inaendesha programu iliyopo. Ikiikuta imeshushwa chini, inajua kuna mtu anataka kupakia kitu kipya. Kitufe kilichoandikwa BOOT kazi yake ni kuishusha pini hiyo; kile cha EN kinaizima na kuiwasha chipu. Bodi nyingi zimewekewa transista mbili zinazofanya kazi ya vitufe hivyo kwa amri ya kompyuta, ndiyo maana mara nyingine unapakia bila kugusa kitu. Lakini zipo bodi ambazo muda haukai sawa: EN inapanda kabla pini 0 haijashuka. Hapo skrini inaandika Connecting, nukta na vistari vinajipanga, vinajipanga, kisha inatoka lawama ya "Wrong boot mode detected".

Nukta zikianza, shikilia BOOT. Achia ukiona asilimia zinapanda. Ikigoma bado, shikilia BOOT, bonyeza EN uachie, kisha achia BOOT, halafu ndipo upakie. Ukichoka kubonyeza tuletee: tunachomelea kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya EN na GND (upande hasi wa umeme), mguu chanya ukiwa upande wa EN, na mara nyingi huo ndio unakuwa mwisho wa vitufe. Kwa bodi uliyonunua kwetu hatulipishi.

Kama asilimia zimeanza kupanda kisha zinakatika njiani, shusha mwendo wa kupakia kutoka 921600 hadi 115200. Utasubiri zaidi kidogo, lakini itafika.

Kuhusu draiva

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na bodi. Itazame chipu ndogo iliyo jirani na tundu la USB. Ya mraba mara nyingi ni CP2102, ndefu yenye miguu 16 ni CH340, na kila moja ina draiva yake. Windows yenye intaneti mara nyingi huitafuta yenyewe. Isiyo na intaneti inakuwekea alama ya mshangao ya njano na kunyamaza. Draiva zote mbili tunazo kwenye flashi, ile ya kuchomeka, si ile ya kwenye chipu. Njoo unakili bure pamoja na kifurushi cha ESP32 cha Arduino IDE (programu ya kuandikia na kupakia kazi za bodi), ambacho ni mamia ya megabaiti na kimeshamaliza bando za vijana wengi.

Watu wa Linux kama Ubuntu, jiongezeni kwenye kundi la dialout (la watumiaji wanaoruhusiwa kuzungumza na bodi) kisha mtoke na kuingia upya. Mwenye Ubuntu 22.04 na bodi ya CH340 atakutana na kichekesho: programu iitwayo brltty, inayohudumia vifaa vya nukta nundu vya wasioona, inadhani bodi yako ni kifaa chake na kuinyakua. Kama huihitaji, iondoe, na bodi itaonekana.

Pini 12 na simtanki la Kimara

Mteja wetu mmoja wa Kimara alitengeneza kifaa cha pampu: maji yakipungua kwenye simtanki pampu inawaka, likijaa inazima. Programu aliipakia mezani vizuri, akaijaribu, safi. Akafunga rilei (swichi ya pampu inayoamriwa na bodi), akafunika boksi, akapanda nalo juu. Bodi ikawa inajizima na kujiwasha bila kukoma. Akashuka nayo, akachomoa rilei ili apakie upya, ikafanya kazi. Akairudishia rilei, ikagoma. Alipotufikia alikuwa ameshanunua bodi ya pili, nayo inafanya yaleyale, na lawama zote alikuwa amezihamishia kwenye umeme wa mtaani kwao.

Tukamuuliza rilei ameifunga pini gani. Ya 12.

Ni kwamba chipu inapoamka haisomi pini 0 peke yake. Inaisoma na 12, ili ijue flashi yake inataka volti ngapi: ikiwa chini inaipa 3.3, ikiwa juu inaipa 1.8. Rilei nyingi tunazouza zinaivuta pini juu wakati hazijaamriwa kitu. Kwa hiyo kila alipowasha, chipu ilikuwa inailisha flashi ya volti 3.3 umeme wa 1.8, flashi haisomeki, chipu inajizima na kuanza upya. Kama angekuwa na laptopu kule juu angeona "flash read err" ikijirudia kama kasuku. Tuliuhamisha waya mmoja kwenda pini 26, tukabadilisha namba kwenye programu yake, kazi ya dakika kumi. Bodi ya pili imebaki ya akiba.

Tangu siku ile hatupokei malalamiko ya bodi bila picha ya jinsi ilivyofungwa. Kwenye ESP32 ya kawaida, pini 6 hadi 11 zinatumiwa na flashi, ziache. Pini 34 hadi 39 zinapokea tu, hazitoi. Rilei ukiifunga hapo haitawaka hata ukeshe. Na pini zote zinataka volti 3.3. Sensa inayotoa volti 5 ikiunganishwa moja kwa moja, hapo sasa bodi inaweza kufa kifo cha kweli, na dawa yetu itakuwa kukuuzia nyingine.

Ukiona "Brownout detector was triggered", umeme unapwaya. Wi-Fi inapowaka, bodi inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na chaja dhaifu au waya mrefu mwembamba haumudu. Badilisha chaja kabla ya kugusa programu.

Tukikupakia sisi

Bodi ya kwanza ni shilingi 5,000, kila inayofuata yenye programu hiyohiyo ni 2,000. Ukileta mafaili ya bin (programu iliyokwisha kutayarishwa kwa kuandikwa), lete na anwani zake, yaani mahali kila moja linapoanzia kwenye flashi. Kwenye ESP32 ya kawaida butloda (kiprogramu kinachoiamsha programu yako) inakaa 0x1000, jedwali la mgawanyo wa flashi 0x8000 na programu yenyewe 0x10000. Kwenye S3 na C3, ambazo ni matoleo mengine ya ESP32, butloda inaanzia 0x0. Wengi wanatutumia faili moja tu la programu kwa WhatsApp na bodi ni mpya kabisa, halafu wanashangaa haiwaki. Programu ipo, ila hakuna wa kuiamsha. Anayeturahisishia kuliko wote ni yule aliyeunganisha yote kuwa faili moja. Tunaliandika kuanzia 0x0, tumemaliza.

Kazi moja hatuifanyi: kunyonya programu kutoka kwenye kifaa cha mtu mwingine. Bodi isiyowekewa ulinzi inasomeka yote, na mara mojamoja mtu anakuja na kifaa cha mshindani wake mkononi. Tunamrudishia. Kama kifaa ni chako na hutaki kisomwe, tunaweza kukufichia yaliyomo kwenye flashi yasisomeke, lakini hapo tunaingia kwenye zile fyuzi zisizorudi. Tutakusainisha karatasi, na tutaanza na bodi moja ya majaribio.

Kuangalia bodi ni bure, hata kama hukuinunua kwetu. Ukija, lete bodi, lete waya uliokuwa unautumia, lete picha ya ulivyofunga, na picha ya maandishi ya kosa kuanzia mstari wa kwanza. Ule wa mwisho peke yake hautuambii mengi. Jumamosi mchana foleni inafika mlangoni, kwa hiyo wahi asubuhi.