Picha za Tingatinga zisiviringishwe zikiwa mbichi

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu soko la picha za Tingatinga imegusia bei tu, ikaacha kasoro inayowaudhi wanunuzi: tembo na chui wanaobanduka rangi kabla ya kufika ukutani.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi ya mafuta juu ya hadibodi, ambayo haikunjiki. Leo rangi ni ya aina ileile, ila kinachopakwa ni kitambaa. Rangi hiyo hukauka juu kwa siku moja, huku chini ikibaki laini kwa muda mrefu, hasa wakati wa masika. Picha ikiviringishwa mapema, madoa ya chui, ambayo ni matone mazito, hunata mgongoni mwa kitambaa na kung'oka. Na gazeti la kufungia (samahani, Mhariri) huacha herufi zake kwenye anga ya picha.

Vyama vya wachoraji viandike nyuma ya kila picha tarehe ya mkono wa mwisho wa rangi, na picha isiviringishwe kabla ya wiki tatu. Mgeni mwenye ndege kesho auziwe iliyokwisha kukaa. Iviringishwe juu ya bomba la plastiki la inchi nne, rangi ikitazama nje, kwa sababu ikiwa ndani hujikunja na kupasuka.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam